Mtu wa Tano kwenye Benchi

Ilipofika saa nane mchana, Angetile alikuwa amekizunguka choo cha zahanati mara sita. Saa tisa nesi angefunga sanduku lake la barafu lenye chanjo na kurudi Kyela mjini, na hangefika tena Busale mpaka mwezi mwingine.

Mwanawe Gwamaka, mwenye miaka mitatu, alikuwa amelazwa Mbeya kwa ugonjwa wa figo, akiuguzwa na baba yake. Dawa zilezile zilizokuwa zikimtibu ndizo zilizomshusha kinga. Daktari alisema wazi kwamba hapa kwetu hakuna chanjo ya korona ya mtoto wa umri ule, kwa hiyo wachanjwe wote wanaompakata, tena mapema, maana chanjo huchukua wiki kadhaa kukolea mwilini. Gwamaka angeruhusiwa baada ya wiki tatu.

Aliyempakata kuliko wote alikuwa babu yake mzaa baba, mzee Hezroni. Mara tatu Angetile alimtuma wifi yake Veronika kwa mzee, na mara tatu Veronika alirudi na jibu lilelile: "Baba amekohoa tu."

Kwenda kumwambia mwenyewe ilikuwa mwiko. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hakai naye chumba kimoja. Kwa miaka sita ya ndoa, kila alipomwona mzee njiani, Angetile alijitupa kwenye migomba mpaka apite.

Leo alichungulia mlangoni akamwona mzee ameketi, kofia magotini. Amekuja! Alifurahi, lakini miguu ikamrudisha nje. Chumba kilikuwa kimoja, benchi moja. Akaamua kusubiri mzee achanjwe, atoke.

Mzee hakutoka. Angetile akasogea dirishani kusikiliza.

"Kichupa kimoja ni cha watu watano," nesi Mwanaisha alikuwa akisema. "Nyie ni wanne. Nikikifungua, dozi moja nitaimwaga. Hapana."

"Basi mimi naenda," mzee Hezroni akasema. "Nimeacha mpunga juani."

Mwanaisha, mwenyeji wa pwani asiyejua mila za huku, akatoa kichwa dirishani. "Wee dada wa khanga ya njano! Tangu saa sita unazunguka choo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ingia!"

"Haingii huyo," akacheka Jackson, mnunuzi wa kokoa. "Mkwewe yumo humu."

"Kwani mkwe anang'ata?"

Benchi zima likaangua kicheko, isipokuwa mzee, aliyekwisha kusimama.

Heshima ile si ya kuchekwa. Imetunza amani ya nyumba nyingi. Lakini haikuwekwa ili mtoto afe, na mtu mzima anayejificha nyuma ya mila wakati wajibu unamwita ni mtoro tu. Angetile alilijua hilo, na ndiyo maana hakuweza kutulia. Mzee akitoka sasa, harudi. Akajifunika khanga kichwa na uso, akageuka, akaingia kinyumenyume, akipapasa ukuta mpaka akaishika ncha ya benchi. Akaketi mgongo kwa watu.

Kicheko kikakatika. Mzee Hezroni akavua koti, akajifunika nalo kichwa, akaketi.

"Nesi," sauti ikatoka ndani ya koti, "fungua kichupa chako."

"Subhanallah," Mwanaisha akanong'ona. "Leo nachanja mizimu." Akafungua. Alianza na mzee, akatafuta mkono chini ya koti kama anayetoa muhogo ardhini, akamalizia na Angetile.

Jioni Angetile hakukaa. Alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, akahesabu siku ishirini na moja kwa vidole, akahesabu tena. Aliingia chumba alichokuwamo mkwe wake, na watu waliona. Ataitwa na wazee? Atatozwa ng'ombe? Veronika alipotokea kwenye migomba, ufagio ulimponyoka mkononi.

"Wifi, baba amenituma."

"Amesemaje?"

"Anauliza kama mkono unakuuma."

Angetile akauokota ufagio. "Mwambie unauma. Na wake je?"

"Anaugulia tangu alasiri," Veronika akasema. "Na ameanza kuhesabu siku kwa vidole."