Sekunde za Salamu

Binti yangu anaandika programu za milango ya ofisi: unasogeza kadi, mlango unafunguka. Ofisi moja ya Koboko ilitaka kuukataa mlango wake, eti unafungia watu nje. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini mageti ya Arua nimeyalinda mpaka mvi. Nikaenda kutazama. Kila mtu alisogeza kadi, halafu akageuka kumsalimu mlinzi: habari ya nyumbani, ya shamba kule Abuku. Mlango ukajifunga kabla hajaingia.

"Mama, umeupa sekunde ngapi?" nikamuuliza binti yangu.

"Tano, baba."

"Salamu ya sekunde tano iko ya mwizi."

Akacheka, akaandika ishirini. Ofisi ikaubakiza, ikaagiza na wa pili.