Nani atamwambia mama mkwe azime jiko?

Leo nusura nimfukuze mpangaji wangu, fundi cherehani, eti anamaliza umeme.

Mizigo ameshafunga. Mkewe analia.

"Mzee, nimezima vyangu vyote. Kaangalie mita," akasema fundi.

Nikaenda. Kitaa chekundu cha mita bado kinapepesa kama jicho la mchawi, umeme unaliwa!

Tukazima chumba kimoja kimoja. Kikabaki cha mama mkwe, aliyepanda kwetu Mbinga kutoka Mbamba Bay mwezi uliopita. Mimi mkwe siingii humo ng'o! Nikabaki mlangoni nakohoa.

Mke wangu akaingia. Jiko la umeme limewaka jekundu, mama yake anaota moto.

Sauti ikatoka ndani: "Mwambie huyo anayekohoa avae sweta. Mbinga yenu baridi."

Fundi akafungua mizigo, anacheka.

Haya, wenye wakwe, nisaidieni. Jiko bado linawaka.