Taa Zilizofifia Saa Kumi na Mbili

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kusema. Mchele wa Dakawa nautafuna mbichi kabla sijalipa, na muuzaji akinichekea sana natazama kipimo chake. Basi taa za nyumba tuliyopanga zilipoanza kufifia kila jioni, sikujiuliza kama kuna mwizi wa umeme. Nilijiuliza ni nani.

Ilikuwa Morogoro mjini, enzi za ruksa, maduka yalipojaa ghafla vitu ambavyo zamani ungevipata kwa kujuana tu: pasi, redio kaseti, na yale majiko ya umeme ya koili. Mama mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, karibu na mita. Alishapiga marufuku majiko hayo. Nyaya za nyumba yake zilikuwa za zamani, na atakayekamatwa nalo angehama siku hiyo hiyo. Chumba cha pili nilikaa mimi, mwalimu wa fizikia wa sekondari. Cha tatu, fundi cherehani na mkewe. Cha mwisho kabisa alikaa Mluguru.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mjamzito wa miezi saba, ameteremka kutoka milimani juu ya Mlali. Mimba yake ya kwanza uchungu ulimkuta huko juu, wakambeba kwa machela, na walipofika hospitali mtoto alikuwa ameshakufa tumboni. Safari hii aliapa kujifungulia mjini. Mumewe alibaki shambani, akawa anamletea kabichi na njegere za kuuza sokoni. Kutoka chumbani kwake hadi hospitali ni robo saa kwa miguu. Alikuwa ameshaitembea njia hiyo mara kadhaa, kujipima tu.

Mimi ni Mnyamwezi, wa kabila lililobeba mizigo ya misafara ya zamani, na Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Siku ya kwanza tu alinitazama nikiburuta gunia la mkaa akasema, "Wee mpagazi, mzigo wa nani huo?" Nikamwambia anyamaze, watu wa mlimani hawajui hata mlango unafunguliwa upande gani. Akacheka hadi akashika kiuno. Tangu hapo ikawa ndiyo salamu yetu, asubuhi matusi, jioni matusi, na mimi niliyekuwa sina ndugu mji ule nilimpenda kwa hilo.

Lakini kumpenda mtu hakunizuii kumshuku. Kila saa kumi na mbili jioni balbu zilififia mpaka ule uzi wa ndani ukabaki mwekundu. Na saa hiyo hiyo Mluguru alirudi, akafunga mlango. Nje hakuwa na jiko la mkaa. Moshi wake sikuwahi kuuona. Anakula nini, anapikia wapi? Ukumbini nikaanza kusikia harufu ya plastiki inayoungua. Siku moja, Mungu anisamehe, nilitega sikio mlangoni kwake. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Nikarudi chumbani kwangu nimeshahukumu.

Kesho yake mama mwenye nyumba akaniuliza mimi msomi, umeme unakwenda wapi. Nikachukua chaki nikamchorea ukutani. Voltezi ni msukumo, nikamwambia, mkondo ni kile kinachosukumwa, na ukinzani ni kinachokizuia kisipite kirahisi. Jiko la koili linavuta mkondo mkubwa. Mkondo mkubwa ukipita kwenye waya mwembamba, msukumo mwingi unapotelea njiani, na sisi wengine tunabaki na makombo. Kila neno lilikuwa sahihi.

Ndipo Mluguru akaingia na kapu lake. Nikapayuka, "Huyu hapa mwenyewe! Mluguru kashuka mlimani kuja kutunyonya umeme. Jiko umelificha wapi, uvunguni?"

"Uvunguni, ndiyo!" akajibu, hata kapu hajatua. "Napika humo kila siku. Njoo basi ubebe sufuria, si ndiyo kazi yenu wapagazi?"

Tukacheka wote wawili. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, hana utani na Waluguru, na alichosikia yeye ni mtu anakiri mbele ya shahidi. Akamwambia afungashe.

Mluguru akadhani naye anatania. Alipoona uso wake, akasema haraka, "Mama, huyu ni mtani wangu! Kula nakula kwa shangazi yangu sokoni, na kinachobaki nakuja nacho. Sina hata kibiriti."

"Mwalimu," mama mwenye nyumba akaniuliza, "si amesema mwenyewe?"

Yule dada alinigeukia akingoja nipasue kicheko, nimwambie mama kwamba sisi ndivyo tulivyo. Ningeweza. Lakini kile kijiko kilikuwa bado kinanigonga kichwani, na nilitaka sana kuwa mjuzi.

"Amesema," nikajibu.

Akaondoka asubuhi, godoro kichwani na tumbo lile mbele. Shangazi yake alilala chumba kimoja na watu sita, kwa hiyo hakukuwa na pengine ila kurudi mlimani. Niliingia chumbani kwake nikainama uvunguni. Palikuwa na sakafu tupu.

Jioni ile, saa kumi na mbili, taa zikafifia kama kawaida.

Lo! Nikaenda kutazama balbu ya mama mwenye nyumba, inawaka vizuri kabisa. Balbu ile haikuwahi kufifia hata siku moja, nami nilikuwa nimeridhika kwamba ni kwa sababu yuko karibu na mita. Nikazima meni swichi, nikapanda na tochi juu ya dari ya chumba changu. Pale nilikuta waya wa kwenda vyumba vya nyuma, ambao miezi mitatu kabla niliukata nikaunga soketi ya pasi yangu mpya. Niliusokota kwa vidole, nikauzungushia tepu. Kiungo kilikuwa kimelegea, tepu imeyeyuka, mbao ya kenchi ya paa imeanza kuwa nyeusi. Ukinzani wote ulikuwa hapo. Jioni kila mtu akiwasha, mkondo wa nyumba nzima ya nyuma unapenya pale, na msukumo unaishia pale kuwa joto. Wanafunzi wangu nawafundisha wapime kabla na baada, wasikisie. Mimi sikupima. Na soketi ile sikuwa nimeisahau, sikuwa nimejishuku tu.

Nilimweleza mama mwenye nyumba. Akaguna, "Kwani mimi ndiye niliyesoma?"

Ningeondoka siku ile ile kumfuata. Sikwenda. Niliona haya, nikajidanganya kwamba nangoja shule ifungwe. Zikapita wiki saba. Nilipopanda mlima hatimaye, nilimkuta uani amekaa mkekani, amekonda sana, macho yamepauka kwa damu iliyomtoka. Mtoto wa kike alikuwa hai, ananyonya. Uchungu ulimshika siku mbili, mama yake akaniambia, na machela hawakuipata.

Nilishukuru mpaka nikalia. Kisha nikajifuta, nikaanza kwa njia ninayoijua. "Mluguru wewe, umemficha wapi mpagazi wangu mdogo?"

Akainua macho. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, akamwita mama yake aniletee kiti.