Nilipakwa poda ya matokeo yasiyokuwa yangu, hapa Likasi

Wakuu, hodi humu. Nimekuwa msomaji wa kimya kimya wa nyuzi zenu, leo naleta wangu. Yote yalinipata mimi mwenyewe, na mama yangu yupo hai. Anayebisha aje mtaani kwetu Kikula amuulize.

Kuna jambo limenichanganya kwa miaka kadhaa sasa. Labda kwenu nitapata mwenye akili zaidi yangu.

Nianze na shule, maana bila hiyo hamtaelewa kitu.

Sekondari niliyosoma ni ya serikali, matofali mekundu, madirisha marefu. Wakoloni waliijenga kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa migodi. Baadaye mapadri wakaiendesha, kisha serikali ikaichukua. Kila aliyeipokea aliibadilisha jina, na kila mzee hapa mjini anaiita kwa jina la enzi yake. Vioo vingi vimevunjika lakini kuta zile hazina habari.

Sasa shikeni hili: jengo ni moja, shule ni mbili. Asubuhi inasoma shule moja, na mkuu wake (sisi twasema préfet) na walimu wake. Mchana inaingia shule nyingine kabisa, na préfet wake. Sare ni ileile, shati jeupe na chini bluu, kama nchi nzima.

Mimi nilikuwa wa asubuhi. Saa sita tulipishana na wa mchana getini, wakatukalia madawati yakiwa bado na joto letu. Yule aliyekaa dawati langu alikuwa akiniachia maganda ya karanga kila siku. Nilimchukia bila kumjua sura. Ndiyo maisha ya wanafunzi, mnayajua.

Mama yangu naye alisoma humohumo. Aliacha akiwa amebakiza kidogo afike mtihani wa mwisho, kwa sababu alikuwa na mimba yangu. Hakuwahi kulalamika mbele yangu. Ila kila walipopita waliofaulu alikuwa anasimama mlangoni mpaka wapotee, kisha anarudi kwenye unga wake. Anauza unga wa muhogo sokoni.

Kwa ndugu wa Dar na Mombasa: kwetu matokeo ya mtihani wa taifa yakitoka, aliyefaulu humwagiwa poda nyeupe kichwa hadi miguu. Poda ikikosekana, unga. Mtaa mzima unatoka na kuimba. Ukimwona mtu mweupe barabarani huna haja ya kuuliza, ana diploma.

Mwaka wangu nilifanya mtihani, nikangoja. Matokeo yanatoka shule kwa shule, leo hii, kesho ile.

Siku hiyo nilivaa sare nikaenda shuleni kuuliza. Préfet wetu akasema yetu bado, turudi kesho.

Nikageuka. Hatua chache nje ya geti nikakutana na wasichana wa mchana, weupe wote, wanalia na kucheka. Yao yalikuwa yametoka. Wakaniona na sare yangu, sura wanaijua kutoka getini, wakadhani ni mwenzao, wakanivamia na makopo ya poda.

Nilijaribu kuwaambia mimi ni wa asubuhi. Poda ikanijaa mdomoni.

Wakuu, nikajikuta nabebwa mpaka Kikula. Akina mama wakatandika vitenge vyao chini nipite juu yavyo. Na mimi, sijui ni kitu gani, nikaanza kuamini. Nikajiambia labda wao wanajua nisilolijua.

Mama akatoka mbio. Hakuuliza neno. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akachukua poda ya usoni kwangu akajipaka yeye. Paji la uso, mashavu, shingo. Alikuwa analia.

"Leo tuko na diplôme mu nyumba," akasema.

Mngekuwa ninyi mngesema nini hapo?

Kuku akachinjwa. Mjomba wangu anayeishi Kapolowe akapigiwa simu, akaahidi mbuzi. Mchungaji akaja kuomba. Nikala paja la kuku nikiwa sijui kama ni langu.

Kesho yake yetu yakatoka. Nilikuwa nimeanguka mtihani.

Nilirudi nyumbani nikizunguka njia za mbali makusudi. Nilimkuta mama anachekecha unga, nikamwambia. Akamaliza kuchekecha kwanza. Nilidhani atanipiga, na kusema kweli ningependa anipige.

"Ile poudre haikukuwa ya bule," akasema. "Tulitangulia tu."

Basi. Akanirudisha shule, dawati lilelile, maganda yaleyale ya karanga. Mtaani walinicheka mno, wakaniita Mweupe.

Mwaka uliofuata nilifaulu. Safari hii nilithibitisha kwa préfet mwenyewe, tena nikakataa poda getini. Nikakimbia sokoni nikiwa mkavu.

Mama alikuwa anampimia mteja. Nikamwambia. Akamalizia kumpimia, akamfungia, ndipo akanitazama.

"Si nilikuambia tulitangulia?"

Nikangoja anipake. Hakunipaka. Akachota unga kwenye beseni lake, akajipaka yeye paji la uso, akaendelea kuuza.

Hakuufuta siku nzima. Jioni mteja mmoja akamuuliza mama, una nini usoni leo?

"Miye nimepata diplôme," akajibu. Hakucheka.

Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa mpaka leo, wakuu. Karatasi ina jina langu, iko kabatini. Lakini kila nikiishika naona uso wake siku ile ya kwanza, siku ambayo hakuna aliyefaulu nyumbani mwetu, na sijawahi kuona furaha ya kweli kuliko ile.

Funzo nililopata ni lile la wahenga tu: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ila usile kuku kabla ya kumwona préfet.

Sasa nisaidieni. Tulifaulu lini, na nani kati yetu alifaulu? Nimemuuliza mwenyewe, akaniambia nikalete maji.