Siku Mama Aliponiuliza Maana ya "Nuisance"

Mpaka leo, mashine ya kusaga mahindi ikiwashwa pale sokoni Kibirichia, namkumbuka Koome. Ndugu yangu huyo hakusema neno lolote, ila alitoa mvumo kama ule kutoka kooni kutwa nzima, tukichagua mbegu za viazi, tukila, hata kanisani, mchungaji akawa anapandisha sauti tu. Mama alikuwa amempa jina la baba yake mzazi, na kwetu mtoto akipewa jina hivyo, basi ndiye mzee mwenyewe. Alimwita "baba" na kumwekea kiazi kikubwa kuliko vyetu. Wivu ulituua.

Koome alipoanza darasa la kwanza, mwalimu wake alikuwa yuleyule aliyenifundisha Kiingereza, dada mchanga aliyetoka mbali na asiyejua Kimeru. Alipenda sana neno "nuisance". Nzi kwenye sahani ya githeri, moshi wa jikoni, mvua ikipiga mabati tusisikizane, vyote kwake vilikuwa nuisance. Mimi nilijiona msomi kwa kulijua.

Siku moja alimwita Mama shuleni. Nilisimama katikati yao, Koome amenishika sketi, akivuma.

"Mama Kendi, nimejaribu," mwalimu alisema, sauti imemkauka. "Lakini hawa wengine hawasikii kitu. He is a nuisance, kusema tu ukweli."

Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Kimeru neno hilo ni nini. Nilitamani ardhi inimeze. Nilitafuta neno la nyumbani nikalikosa, nikamtajia yale niliyofundishwa: nzi, moshi, mvua ya mabati.

Mama akamwuliza mwalimu kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila hasira yoyote, "Sasa mwarimu, baba yangu ni gani hapo? Ni nzi ama ni moshi?"

Mwalimu akaanza kulia. Mama ndiye aliyempa pole. Akambeba Koome mgongoni, mtoto mkubwa yule, tukaenda zetu shambani, na Koome hakurudi shule tena.

Nilimchukia mwalimu yule kwa miaka mingi. Sasa nina darasa langu lililojaa pomoni, na chuki imeniisha. Hatukuwa na shule ya watoto kama Koome popote karibu. Nadhani Mama aliielewa maana kabla sijafungua mdomo. Alichotaka kujua ni ampeleke wapi baba yake, na pale hapakuwa na mtu wa kumjibu.