Nilivyojisahau kwenye safari ya Bloemfontein

Jamani, leo kidogo nijiache mwenyewe Durban!

Wiki nzima nimepanga safari ya kwenda kuishangilia timu ya chuo chetu, inayocheza ugenini Bloemfontein Jumamosi. Njia nimeichora mimi, majina nimeandika mimi.

Mchana huu tulikutana mtaa wa Cato Manor, saluni kwa Mama Furaha, yule Mkongo atakayetupeleka na kombi yake.

Nikasoma majina kumi na manne, nafasi za kombi zikajaa. Makofi!

Neema, ninayesoma naye, akauliza taratibu, "Na wewe utakaa wapi?"

Eish. Sikuwa nimejiandika.

Kila mtu akaanza kuangalia viatu vyake. Nikacheka kwa nguvu mno, nikasema haina shida, mtanisimulia.

Mama Furaha akaweka kitana chini.

"Njia ya Bloemfontein, nani anaijua?"

Wote wakaninyooshea kidole.

"Basi atakaa mbele na mimi. Kile kiti nilimwekea dada yangu, yeye atabaki na saluni."

Dada yake akapaza sauti kutoka nyuma, "Merci! Mpira hata siupendi!"

Tulicheka mpaka wateja wakacheka nasi.

Haya, nani mwingine ameshawahi kujisahau hivi? Niandikieni, nisijione peke yangu.