Nyasi za Rangi Mbili

Shangazi yangu aliyenilea alikuwa na uwanja wa mchanga mbele ya nyumba, kule Kinondo, na uwanja ule ulikuwa na masharti kuliko msikiti. Kila siku baada ya sala ya alfajiri aliufagia kwa ufagio wa chelewa, akirudi kinyumenyume kutoka mlangoni mpaka njiani, ili asipakanyage pale alipokwisha kupita. Mkono mmoja ulishika ufagio, mwingine kiunoni. Kila alipouzungusha, ufagio uliacha upinde kwenye mchanga, upinde juu ya upinde, kama magamba ya samaki mkubwa. Akimaliza, husimama pale njiani akatazama, shingo ameilaza upande, halafu akazunguka nyuma kurudi ndani. Sisi watoto tulitokea uani mpaka mgeni wa kwanza apite mbele. Uwanja ule, alisema, ni wa mgeni.

Siku moja niliukata katikati mbio, nafuata tiara iliyokatika uzi. Shangazi hakunipiga. Alichukua ufagio akaanza upya tangu mlangoni, na jua limeshachoma, nami nimesimama pale namtazama mpaka akamaliza. Bora angenipiga.

Alifariki zamani. Nyumba ya udongo isiyokaliwa haimalizi masika mawili, na ile haikumaliza. Picha yake hakuna hata moja. Kile kitambulisho chake chenye picha ndogo kilipotea, na sura yake siku hizi naipata vizuri zaidi nikifumba macho, na hata hivyo naona mkono kuliko uso.

Sasa mtu ataniuliza shangazi anaingiaje, na mimi nilitaka kusimulia habari za picha za uwanja wa gofu. Ataingia. Shule mimi niliishia darasa la tatu, na kosa lilikuwa langu, si la mwalimu, kwa hiyo mambo yangu huyapanga kwa jinsi yanavyonijia.

Kazi yangu ilikuwa kukata nyasi kwenye uwanja wa gofu wa hoteli moja huku Diani. Nilikata miaka ishirini na kitu. Asiyeujua mchezo huo, ni watu wazima wanapiga kijipira kidogo kwa rungu la chuma kutoka mbali sana mpaka kiingie shimoni penye bendera, kisha wanakwenda kwenye shimo jingine. Kunguru wa pale walikuwa wakiiba vile vipira wakidhani ni mayai. Juu ya minazi mbega walikaa na mikia yao myeupe wakitutazama, wachezaji na wakata nyasi, bila kututofautisha.

Mwaka juzi wakubwa wa hoteli walitaka picha tatu za kutundika kwenye ukumbi wa wachezaji, picha za kuchorwa kwa mkono. Nilitarajia Mzungu mwenye kofia. Akaja mtu wa Jego, mzee kama mimi, shati limejaa madoa ya rangi, mwavuli wa kike kwapani na kigoda mkononi. Zamani alikuwa akichora mabango ya maduka, na kuta za zahanati upande wa Msambweni, mama anayenyonyesha, mbu aliyekatwa kwa msalaba mwekundu, mambo hayo. Hii ya kuchora nchi, miti na mbingu, alijifunza ukubwani.

"Kumbe kazi yako ni ya kukaa kitako," nilimwambia siku ya kwanza, tulipokwisha salimiana.

Akaitazama mashine yangu, ambayo nayo ni ya kukalia. "Na yako ni ya kusimama?"

Tangu hapo tukawa marafiki. Yeye alisema watu wa Kinondo wanaamka wakiona nazi imeanguka wanasema kazi ya leo imekwisha. Mimi nilisema watu wa Jego wakishiba wali hawajui hata kama kumekucha.

Picha ya kwanza aliichora kama ilivyo. Kila kuti la mnazi na ncha zake, kila chembe ya mchanga kwenye yale mashimo makubwa yanayotegwa kumkosesha mchezaji, hata soksi za mchezaji na mistari yake. Kunguru mwizi alikuwamo, na kipira mdomoni. Ya pili akaichora kwa kisu. Alipaka rangi nzitonzito, tonge juu ya tonge, nami niliposogea karibu niliona uji umemwagika, nikamwonea huruma. Kisha nikarudi nyuma hatua kumi, na minazi ikaanza kupeperuka. Nikasogea, uji. Nikarudi nyuma, upepo. Sijui nilikwenda na kurudi mara ngapi.

"Utaichosha njia," akasema.

Aliniambia wapo wachoraji wanaouchora uwanja wa gofu kutoka juu, kama anavyouona mwewe, mashimo ya mchanga yakawa kama nyayo. Wapo wanaojaza mbingu karatasi nzima, nyasi zikabaki kama pindo la kanga. Wapo wanaowatupa wachezaji wote, wakaacha bendera peke yake. "Na uwanja wenyewe ni mchoro," akasema. "Kuna mtu aliukalia na kalamu kwanza, kwenye karatasi, ndipo yakaja matingatinga. Hakuna kilima hapa kilichozaliwa hapa. Mimi nachora mchoro wa mtu, na wewe kila asubuhi unaurudia kwa mashine."

Nilicheka, maana sikuona kama alikuwa anasema kweli. Nikarudi kwenye ile picha ya kwanza, nikaona jambo ambalo nilitaka kumwambia tangu mapema. Zile nyasi alizichora kwa mistari mipana, mmoja kijani kibichi, mmoja umepauka, mpaka mwisho wa uwanja.

"Hapa umekosea, sheikh wangu. Nyasi zangu zina rangi moja. Nazijua."

Aliinuka kwenye kigoda. "Kaa."

Nikakaa chini ya mwavuli wa kike. Ilikuwa alasiri, jua limeinama upande wa Ukunda. Nikatazama uwanja niliokata miaka yote ile. Mistari ilikuwapo, mipana, mmoja mzito mmoja wa nuru, imenyooka mpaka kwenye mivinje, na kivuli kilipita juu yake bila kuifuta. Mkono wangu ndio ulioifanya, nami sikuwahi kuiona. Mtu akiwa juu ya mashine macho yake yako mbele ya gurudumu, akiogopa jiwe. Akimaliza anaenda kunywa maji.

"Ukienda zinalala huku, ukirudi zinalala kule," akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Zilizokulalia wewe ni nzito. Zilizokupa mgongo zinang'aa. Rangi ni moja, ni kweli. Mwanga ndio wa namna mbili."

Nilikuwa nimeilaza shingo upande, na nilipojigundua nimeilaza nikamkumbuka mtu.

Ilibaki picha ya tatu, na hiyo alitaka kuichora kwenye uwanda wa shimo la mwisho, mbele ya ukumbi wenyewe, kwa rangi nyepesi za maji, atafute mwanga tu. Asubuhi yake nilitoka kabla ya watu, nikawasha mashine. Sikukata mistari. Nilianzia ukumbini, nikawa nazungusha usukani, nakata upinde, narudi kinyumenyume, nakata mwingine, mpaka kwenye bendera. Magoti yangu ni mabovu, yananiuma hata kwa kukaa, lakini siku hiyo sikuyasikia. Jua lilipopanda kidogo juu ya bahari nikashuka, nikasimama pale mwisho, nikatazama. Uwanja wa shangazi ulikuwa pale wote, mkubwa mara mia, kijani.

Mchoraji alifika, akasimama. Muda mrefu hakufungua hata kigoda.

"Nani kafanya hivi?"

"Shangazi yangu."

"Yuko wapi nimpe mkono?"

Nikamwambia. Akamwombea rehema, akakaa, akashika penseli. Nilijua nataka nini, na sikuwa nimetaka kitu namna ile kwa miaka mingi. Nilitaka mkono wa yule mama ubaki ukutani mahali, hata kwa watu wasiomjua. Kabla hajamaliza kupanga mchoro jua likapanda juu sana, na pinde zote zikazama, nyasi zikawa nyasi.

"Zitarudi alasiri," akasema. "Hapo ndipo nitatia rangi. Usiziguse."

Lakini meneja alikuwa ameziona asubuhi kutoka ghorofani. Kijana wa bara, mwenye heshima zake, sina la kumsema. Alinikuta kwenye kivuli cha ghala.

"Shikamoo mzee. Sasa hii umetuchorea hapa ni nini? Kesho tuko na mashindano. Wageni wanataka mistari, straight."

"Mwanangu, nipe mpaka magharibi," mchoraji akasema, amenifuata nyuma.

"Si upige picha na simu, mzee, uchore ukiwa nyumbani?"

"Simu inaona nyasi. Haioni zimelalaje."

Meneja akatabasamu, akatazama saa. "Mzee wangu," akaniambia mimi, "saa nane iwe imenyooka. Tafadhali."

Nikapanda mashine, maana mimi si mtu wa kubishana. Nikashika usukani, nikaitazama ile nyasi ya rangi moja ya mchana. Nikamwona mtoto anakimbia kufuata tiara.

Ufunguo wa mashine ile ulikuwa mmoja tu, na bila huo haiwaki. Wa pili niliupoteza mwenyewe, nikasingizia kunguru, na leo naungama. Nikauchomoa, nikautia mfukoni, nikashuka.

"Bwana we," mchoraji akasema. "Utafukuzwa."

"Wewe chora."

Njia ya karibu kwenda langoni ilikuwa kukatiza ule uwanda. Sikukatiza. Nilizunguka nyuma, nikapita jikoni penye masufuria, kama tulivyokuwa tukitokea uani, nikafika barabarani, nikaenda zangu, na sikurudi tena.